Kwa Pikipiki Bonde la Hudson: Majumba ya Kale, Mto na Kona za Siku Moja (Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara)

Kila theluji ikiyeyuka maswali huwa ni yaleyale: twende wapi, tupite wapi, tutarudi saa ngapi. Nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu. Nazungumzia safari ya siku moja inayoanzia Jiji la New York au jirani yake, unatoka asubuhi na kurudi jioni hiyohiyo bila kulala njiani. Maili nimeziacha maili, kwa kuwa ndizo utakazoziona kwenye vibao.

Kwa nini Bonde la Hudson?

Kwa sababu mto, milima na majumba vimebanana mahali pamoja. Mto Hudson wote una urefu wa maili 315 hivi, kilomita zaidi ya 500, lakini sisi tunashughulika na nusu ya kusini tu. Huko ni mto unaotawaliwa na bahari. Maji hujaa na kupwa hadi mji wa Troy, zaidi ya maili 150 kutoka pwani. Wenyeji wa asili, Wamohikani, waliuita mto unaotiririka pande zote mbili. Simama gatini Cold Spring maji yanapojaa, utaona gogo linaelea taratibu kuelekea kaskazini, huko juu mto unakotoka. Mara ya kwanza nilidhani macho yangu yamechoka na upepo.

Mto huu ulikuwa barabara kuu kabla ya reli na lami. Kwanza zilikuja familia zilizogawiwa ardhi enzi za ukoloni wa Waholanzi na Waingereza, baadaye wakaja wenye fedha za reli na mafuta. Wengi wao walijenga ukingo wa mashariki, juu ya miinuko, ili jioni wakae barazani wakitazama jua likizama nyuma ya Milima ya Catskill. Baraza zile bado zipo, na nyingi ziko wazi kwa umma.

Nina siku moja tu. Nipange vipi?

Chagua nyumba moja. Kata tiketi ya ziara yake, kisha panga barabara kuizunguka saa hiyo.

Hapa ndipo watu wengi huharibu siku. Wanaandika majumba matatu kwenye karatasi, wanaondoka saa nne asubuhi wakidhani kwamba kwa kuwa yako mkoa mmoja basi yanaingilika yote. Lakini karibu majumba yote haya huingii ndani hivihivi: unaingia na kundi linaloongozwa, kwa saa iliyoandikwa kwenye tiketi, na mwongoza wageni hangoji mtu anayefungua buti za pikipiki kule kwenye maegesho. Ziara moja, ukijumlisha kuegesha, kuvua na kuvaa, choo na kutembea bustanini, inakula saa mbili hadi tatu. Mbili zinakula siku. Tatu zinakurudisha nyumbani usiku, kwenye barabara yenye kulungu, na hukumbuki chumba kipi kilikuwa cha nani.

(Tiketi ikisema 2:00 PM ni saa nane mchana. Usicheke, nimewahi kumsubiri mtu.)

Na njia yenyewe?

Zunguka kama mshale wa saa: panda kwa ukingo wa magharibi, vuka, shuka kwa ukingo wa mashariki. Marekani tunaendesha upande wa kulia, kwa hiyo ukizunguka hivyo mto unakuwa mkono wako wa kulia safari nzima, bila njia ya magari mengine katikati yako na maji. Ukizunguka kinyume utautazama mto juu ya mabonati ya watu.

Mzunguko ninaoupenda ni huu. Kutoka Daraja la George Washington unachukua Palisades Parkway, barabara isiyoruhusu malori, hadi Bear Mountain. Unapita Highland Falls, unaingia Barabara ya 218 ikiwa imefunguliwa, unatokea Cornwall-on-Hudson. Halafu Barabara ya 9W kupita Newburgh hadi mji wa Highland, na hapo unavuka Daraja la Mid-Hudson kuingia Poughkeepsie. Dakika chache kaskazini ni Hyde Park, ambako ndiko iliko Springwood, nyumba nitakayoieleza hapo chini. Kurudi unashuka na Barabara ya 9, ambayo kati ya Poughkeepsie na Wappingers Falls ni maduka na mataa tu, vumilia. Kisha unaingia 9D: Beacon, mlima wa Breakneck ambako barabara inapenya mwamba kwa handaki fupi, Cold Spring, Garrison, hadi Daraja la Bear Mountain. Jumla ni kama maili 180, yaani saa tano hivi kwenye kiti cha pikipiki bila vituo.

Ushuru wa madaraja ya Mid-Hudson na Bear Mountain hulipwa ukielekea mashariki tu, kwa hiyo kati ya haya mawili mzunguko huu unalipia moja tu. Daraja la Bear Mountain lilipofunguliwa mwaka 1924 ndilo lililokuwa daraja la kuning'inia lenye nafasi ndefu kuliko yote duniani kati ya nguzo na nguzo. Punguza mwendo ukifika katikati. Huna haja ya kusimama, na wala hairuhusiwi.

Nyumba gani inafaa kwa mara ya kwanza?

Springwood, Hyde Park. Ni nyumba ya Franklin Roosevelt, rais wa Marekani, aliyezaliwa humo tarehe 30 Januari 1882 na kuzikwa kwenye bustani yake ya mawaridi mwaka 1945. Si kubwa kuliko zote wala si ya kifahari kuliko zote, na hiyo ndiyo raha yake: unaweza kuielewa. Roosevelt alipooza miguu mwaka 1921 kwa polio, na nyumba nzima inakusimulia habari hiyo bila mtu kufungua mdomo. Kuna lifti ndogo iliyotengenezewa masanduku, akajifanya sanduku: aliingia na kiti chake na kujivuta mwenyewe kwa kamba hadi ghorofani. Kiti chenyewe kilikuwa kiti cha kawaida cha mbao kilichofungwa magurudumu.

Ila kwa sisi wa pikipiki kitu cha kuonea wivu kiko jengo la pili, kwenye maktaba na makumbusho yake, ya kwanza ya rais nchini Marekani, iliyofunguliwa mwaka 1941. Humo kuna gari lake la Ford Phaeton la mwaka 1936, lililobadilishwa liendeshwe kwa mikono pekee. Klachi, breki na mafuta, vyote kwa mkono. Nilisimama pale muda mrefu nikihesabu vidole vyangu, maana mimi mwenyewe natumia mikono kwa klachi na breki ya mbele na bado kuna siku nazima injini kwenye taa.

Watoto wakubwa na wazee hupenda zaidi habari ya Juni 1939, Mfalme George wa Sita wa Uingereza alipokuja hapa na Roosevelt akamwandalia tafrija ya nje yenye soseji ndani ya mkate. Mfalme alikula. Tafrija ilifanyika Top Cottage, kijumba cha Roosevelt kilicho mlimani nyuma ya shamba.

Na Vanderbilt je? Iko jirani.

Iko maili mbili tu kaskazini, kweli. Frederick Vanderbilt, mjukuu wa tajiri wa meli na reli, aliijenga kati ya 1896 na 1899, vyumba 54, na walikaa humo zaidi majira ya kuchipua na ya mapukutiko. Ndani ni marumaru na dhahabu mpaka macho yanauma. Ushauri wangu: ingia Springwood, halafu nenda Vanderbilt ukakae kwenye majani nyuma ya nyumba tu. Bustani haina tiketi, na mwonekano wa mto pale ni bora kuliko chumba chochote cha ndani.

Nimesikia Olana. Inafaa siku moja?

Inafaa, lakini iwe ndiyo safari yenyewe. Iko mbali zaidi, karibu na mji wa Hudson, maili 30 na kitu kaskazini ya Hyde Park kwa Barabara ya 9G, ambayo ni barabara tulivu ya mashamba. Frederic Church alikuwa mchoraji wa mandhari. Baada ya kutembea Mashariki ya Kati miaka ya 1860 alirudi akiwa na matao, vigae na rangi kichwani, akaanza kujenga mwaka 1870 juu ya kilima anachokijua vizuri. Matokeo ni nyumba ambayo msomaji wa pwani yetu ataitazama na kusema, ngoja, tao hili nalijua. Ekari 250 zinazoizunguka nazo alizipanga kama mchoro: hapa miti ikatwe, pale bwawa lichimbwe, njia ipinde hivi ili mto utokeze ghafla.

Ukipanda na pikipiki kuelekea juu utaonja kidogo ya ujanja huo. Barabara inapinda, msitu, msitu, kisha mto wote uko chini yako na Catskill nyuma yake. Nusura nishike breki katikati ya njia.

Rudi kwa kuvuka Daraja la Rip Van Winkle kwenda magharibi, bure, ushuke na 9W. Usipoondoka Olana kabla ya saa kumi jioni, jiandae kufika jijini gizani.

Kykuit ya akina Rockefeller?

Nzuri sana, lakini si safari ya pikipiki. Iko karibu na jiji mno, Sleepy Hollow, na huendi nayo hadi mlangoni: wageni huacha vyombo vyao chini, Philipsburg Manor, na kupandishwa na basi. Nyumba ilikamilika mwaka 1913 kwa fedha za mafuta. Nenda siku ya mvua, kwa treni.

Majumba haya yalijengwa kwa jasho la nani?

Swali hili huulizwa na watu wetu kuliko wengine, na ni swali zuri. New York haikuwa na mashamba ya pamba, kwa hiyo wengi hudhani utumwa ulikuwa wa kusini tu. Hapana. Sheria ya mwisho ya kuwaacha huru watumwa katika jimbo hili ilianza kufanya kazi tarehe 4 Julai 1827, na kabla ya hapo familia kubwa za mtoni, akina Philipse na akina Livingston miongoni mwao, zilimiliki Waafrika. Pale Philipsburg Manor palipo basi la Kykuit, mmiliki alipofariki mwaka 1750 orodha ya mali yake ilikuwa na watu 23. Ndio waliosaga nafaka, waliopakia mashua na kusukuma biashara nzima, wakati mwenye mali akikaa jijini. Leo mahali hapo panasimulia habari zao waziwazi, na kwa maoni yangu kinu kile kina uzito kuliko jumba la kilimani.

Kwenye mzunguko niliouandika hapo juu kuna kituo kimoja nisichokiruka. Kabla ya kuvuka Mid-Hudson, upande wa Highland, kuna mlango wa Walkway Over the Hudson, daraja la reli la mwaka 1889 lililogeuzwa njia ya waenda kwa miguu mwaka 2009. Hapo kuna sanamu ya Sojourner Truth, mwanaharakati aliyepinga utumwa, iliyowekwa mwaka 2020. Alizaliwa mtumwa katika kaunti hiyohiyo ya Ulster, karibu mwaka 1797. Lugha yake ya kwanza ilikuwa Kiholanzi, kwa kuwa ndiyo lugha ya waliommiliki. Mwishoni mwa 1826 alitoka kwa miguu alfajiri, mtoto mchanga mkononi, hakungoja ile sheria. Zima injini, vua helmeti, tembea hatua chache mpaka pale. Baada ya hapo utaliangalia jumba la ng'ambo kwa jicho jingine.

Kona nzuri ziko wapi?

Anza na Barabara ya 218, Storm King Highway. Ilifunguliwa mwaka 1922, imechongwa ubavuni mwa mlima, mto uko chini kabisa na kinachokutenga nao ni ukuta mfupi wa mawe. Ni fupi, dakika chache tu, na kwa hiyo usiikimbize. Ukienda kaskazini uko upande wa mto. Ukienda kusini bega lako la kulia linasugua mwamba, na ni upande huo ndiko vipande vya mawe hudondoka. Mvua kubwa, barafu na maporomoko huifunga, mara nyingine kwa muda mrefu, kwa hiyo angalia hali yake asubuhi kabla hujawasha. Ikiwa imefungwa, 9W inapita juu ya mlima huohuo kwa mwendo wa kasi zaidi, na kuna mahali pa kuegesha pa kutazama bonde.

Seven Lakes Drive, kutoka Sloatsburg hadi Bear Mountain, ni ya watu wanaopenda kona ndefu za kutiririka kupita maziwa na misitu. Jumamosi na Jumapili alasiri inajaa waogeleaji na wavuvi, nenda mapema. Juu ya Bear Mountain kuna Perkins Memorial Drive, njia ya kupanda hadi mnara wa mawe wa mwaka 1934. Siku angavu unaona majengo ya Manhattan kama meno ya kitana. Majira ya baridi hufungwa.

Hifadhi hii ya Bear Mountain na Harriman nayo ina kisa chake: serikali ya jimbo ilitaka kuhamishia hapo gereza la Sing Sing. Mwaka 1910 mjane Mary Harriman akatoa ekari 10,000 na dola milioni moja, kwa sharti kwamba gereza lisijengwe. Kila nikilala kona pale namshukuru yule mama.

Magharibi zaidi, nje ya New Paltz, Barabara ya 44/55 hupanda miamba ya Shawangunk na ina kona moja iliyojipinda kama pini ya nywele. Ishike kwa gia ya pili, macho yakiangalia mahali unapotokea na si ukuta. Magari ya wapanda miamba huegeshwa kandokando hapo, milango hufunguka bila taarifa.

Kuna bonde jingine mbali na Hudson?

Delaware. Barabara ya 97 inafuata mto huo kutoka Port Jervis hadi Hancock, maili 70 hivi, na haina msongamano wa Hudson. Mwanzoni kabisa kuna Hawk's Nest, kona zilizojikunja juu ya mto zenye kuta za mawe, ambazo ukiwahi kuona tangazo la gari la kifahari pengine umeshaziona. Kona zenyewe zinaisha haraka, watu hushangaa: ndizo hizi tu? Ndizo hizo. Wengine hugeuza na kuzirudia mara tano, wenyeji wamechoka nao, na polisi wanajua.

Endelea kaskazini badala yake. Pale Minisink Ford kuna daraja lililoanza kujengwa mwaka 1847 na John Roebling, huyuhuyu aliyebuni Daraja la Brooklyn baadaye. Halikujengwa kwa magari bali kwa maji: lilikuwa mfereji unaoning'inia, mashua za makaa ya mawe zikipita juu ya mto. Leo lina njia moja ya magari. Unasubiri zamu yako, unaingia polepole, na chini ya matairi yako ndipo maji ya mfereji yalipokuwa. Nyaya zake nyingi ni za tangu siku hizo. Ukimaliza kulivuka uko Pennsylvania.

Sheria za New York ni zipi?

Helmeti ni lazima kwa dereva na abiria, iliyoidhinishwa kwa viwango vya Marekani, pamoja na kinga ya macho. Taa ya mbele iwe imewaka muda wote. Kupenya katikati ya foleni za magari ni kosa, hata yakiwa yamesimama, na kwa waliozoea kwingine hili ndilo gumu kuliko yote. Pikipiki mbili zinaweza kwenda sambamba ndani ya njia moja, si zaidi. Ukisikiliza muziki au maelekezo, spika ya sikioni iwe upande mmoja tu.

Mahali pasipo na kibao cha spidi nje ya miji kikomo ni maili 55 kwa saa. Vijijini hushuka hadi 30 ghafla, na askari wa kijiji anajua kabisa kibao chake kiko wapi. Nje ya Jiji la New York unaweza kukata kulia kwenye taa nyekundu baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kibao kikikataza. Ndani ya jiji huwezi. Basi la shule la manjano likiwasha taa nyekundu za kumeta, simama, hata kama linakuja upande wa pili, hata kama katikati kuna kizuizi.

Wengi wetu tulijifunzia kuendesha kushoto. Hatari haiko barabara kuu, kule magari yanakukumbusha. Hatari iko unapotoka getini kwenye jumba la kale, barabara tupu, tumbo limeshiba, akili iko karne nyingine. Nimeshika upande wa kushoto mara moja, mita hamsini, nikitoka mahali hasa pa namna hiyo. Tangu siku hiyo nimebandika kijikaratasi chenye mshale kwenye tenki.

Leseni na bima?

Leseni yako ya nyumbani inatumika kwa mgeni, ila iwe na daraja la pikipiki. Ya gari peke yake haitoshi, na mwenye kukodisha atakukatalia. Kuhusu bima kuna jambo wachache wanalijua: mfumo wa jimbo hili unaolipa gharama za hospitali bila kujali nani mwenye kosa haumhusu mwendesha pikipiki. Dereva wa gari analipiwa, wewe hulipiwi. Hakikisha bima yako ya afya au ya safari inataja pikipiki kwa jina.

Mwezi gani ni bora?

Mei mwishoni na Juni, au Septemba. Watu wote wanataka Oktoba kwa ajili ya majani, na ni kweli katikati ya Oktoba milima inawaka moto wa rangi. Lakini magari nayo yanawaka: 9D karibu na Breakneck inakuwa maegesho marefu. Na majani yaliyoanguka yakilowa ni sabuni. Ukitaka Oktoba, nenda Jumanne.

Aprili inadanganya. Jua linang'aa, ila mchanga na chumvi vya majira ya baridi bado vimejaa ndani ya kona, na mashimo hayajazibwa. Julai na Agosti ni joto na radi za alasiri.

Nifanye nini na helmeti na koti nikiingia ndani ya jumba?

Uliza mapokezi kwa upole. Mabegi makubwa hawayaruhusu ndani, na hakuna anayetaka buti zenye vyuma zikikwaruza sakafu ya 1899. Mimi nafunga helmeti kwenye pikipiki kwa waya wenye kufuli, koti napitisha mkono wake kwenye waya huohuo, na nabeba viatu vyepesi vya kubadilisha. Ukimbeba mtu nyuma, mwambie haya mapema. Atakushukuru kwenye ngazi.

Maegesho na njia za ndani zikoje?

Changarawe. Majumba mengi yana njia zake za zamani, nazo ni za magari ya farasi. Ingia ukiwa wima, gia ya chini, mkono wa kulia mbali na breki ya mbele, tumia ya nyuma. Ukiegesha kwenye majani au lami laini siku ya joto, stendi ya pembeni huzama polepole wakati wewe uko ndani unasikiliza habari za vigae. Nilirudi siku moja nikaikuta pikipiki imelala juu ya kichaka cha maua, petroli ikichuruzika, na mtunza bustani amesimama pembeni ameshika kiuno. Hakusema kitu. Sasa natembea na kopo la soda lililopondwa likawa bapa, naliweka chini ya stendi. Halina gharama.

Wanyama?

Kulungu, hasa Oktoba hadi Desemba, alfajiri na magharibi. Mmoja akikatiza, wa pili yuko nyuma yake. Usifungulie mafuta mpaka umeona wote. Taconic Parkway, ambayo ramani ya simu itakupendekezea kurudi nayo kwa kuwa ni ya haraka, ni nyembamba, na usiku ni yao. Mimi siipiti baada ya jua kuzama.

Mnyama mbaya zaidi ni mdogo kuliko punje ya ufuta. Kupe wa bonde hili hubeba ugonjwa wa Lyme, na wao hukaa kwenye majani marefu, palepale unapotaka kulala upumzike ukiangalia mto. Lala kwenye majani yaliyokatwa, na ukifika nyumbani jikague nyuma ya magoti, kiunoni na kwenye nywele.

Simu na mafuta?

Ndani ya Hifadhi ya Harriman na kwenye Barabara ya 97 mtandao hukatika. Pakua ramani kabla. Kwenye 97 jaza tenki Port Jervis, usisubiri.

Mvua ikinyesha siku niliyokata tiketi?

Mvua ya kawaida, nenda: vaa koti la mvua tangu nyumbani, si kandokando ya barabara, achana na 218 na 44/55, pita 9W taratibu na ujipe saa moja ya ziada. Jumba wakati wa mvua halina watu, na mwongoza wageni huwa na muda wa maswali yako yote. Radi ni habari nyingine. Piga simu, omba wakubadilishie tarehe. Mara nyingi watakubali, hasa ukiwapigia kabla ya saa ya ziara na si baada.